Shahada ya Uuguzi na Zahanati ya Mlimani



Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe la kijana anayekwenda chuo kikuu hununuliwa mara moja tu, na mara nyingi kwa fedha ya ng'ombe aliyeuzwa au ya mavuno ya misimu kadhaa. Kwa hiyo leo naomba ruhusa ya kuchagua jembe. Nimetakiwa nizungumze juu ya njia za kusomea shahada ya uuguzi katika vyuo vikuu binafsi. Nitafanya hivyo nikiitazama milima hii ya Usambara na zahanati zake, kwa maana shahada isiyomfikia mgonjwa wa Mtae au Mlola ni pambo la ukutani.

Mlango huu haukuwa wazi siku zote. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba binafsi ya kujipatia faida, ingawa hospitali za mashirika ya dini, kama ile ya Bumbuli, ziliendelea kutibu wananchi. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1991, na mwaka 1995 Sheria ya Elimu ikarekebishwa, vyuo vikuu binafsi vikaruhusiwa. Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki kilianza Dar es Salaam mwaka 1997, na uuguzi ukawa miongoni mwa shahada zake za mwanzo. Leo mwombaji anaweza pia kwenda KCMC mjini Moshi, Bugando mjini Mwanza, au Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mjini Dodoma. Kwa mtu wa Lushoto, anayeteremka Mombo na kushika barabara kuu, Moshi ndiyo ya jirani zaidi.

Ndugu zangu, vyuo ni vingi, lakini njia ni mbili tu.

Njia ya kwanza ni ya kijana atokaye Kidato cha Sita. Kemia na Biolojia ndizo nguzo zake, pamoja na somo la tatu kama Fizikia. Viwango kamili hutangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu katika mwongozo wa udahili. Husoma miaka minne, kisha hufanya utarajali wa mwaka mmoja hospitalini, na ndipo husimama mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kuomba leseni. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha pia wanafunzi wa vyuo binafsi. Lakini mkopo ni deni, na ajira serikalini haimsubiri mhitimu mlangoni kama ilivyokuwa zamani.

Njia ya pili ni ya muuguzi aliyekwisha kuwa kazini, mwenye stashahada na leseni, anayetaka kupanda kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi kuwa Afisa Muuguzi. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilipoanza kufundisha wauguzi wa Afrika Mashariki mwaka 2001, kilijenga mpango wake juu ya wazo hili hasa: muuguzi asome bila kuacha wagonjwa wake, awe darasani siku chache za juma na wodini siku zilizobaki.

Ipi kati ya njia hizi inaifaa zaidi milima yetu? Nasema bila kusita kuwa ni hii ya pili. Na sababu yangu imo katika historia ya wilaya hii.

Kuanzia mwaka 1980 hadi mwaka 2004 Lushoto ilisumbuliwa na tauni. Wagonjwa walioandikwa walizidi 7,000, na waliozikwa walikuwa mamia. Tauni hutibika kwa dawa za kuua bakteria, lakini haina subira: siku chache za kuchelewa zatosha kumuua mtu. Anayemwona mgonjwa wa namna hiyo kwanza si daktari bingwa wa Muhimbili. Ni mhudumu wa zahanati ya kijiji, na mara nyingi mhudumu huyo ni muuguzi. Yeye ndiye anayepaswa kutambua kwamba homa yenye uvimbe wa kinena au kwapa si malaria. Ndiye wa kuuliza kama panya wamekufa nyumbani, na kumuuliza bibi mzee kwa Kishambaa ili apate jibu la kweli. Ndiye wa kuhakikisha kwamba dawa imeanza na taarifa imefika wilayani siku ile ile.

Wako wanaosema kazi hiyo haihitaji shahada, cheti chatosha. Nawaheshimu wenye vyeti, kwa kuwa ndio waliobeba mzigo huo kwa miaka mingi. Lakini kusoma takwimu za kijiji na kuona hatari kabla haijaenea, kuongoza wenzake, kupanga dawa na zamu, hayo ni maarifa yanayofundishwa, na shahada ndiyo inayoyafundisha kwa ukamilifu. Hatari ni kwamba shahada hiyo hiyo humpandisha muuguzi cheo na kumteremsha mlimani. Kijana aliyekaa mjini miaka mitano hupata sababu nyingi za kubaki huko. Muuguzi mwenye nyumba, shamba na watoto Shume ana sababu nyingi za kurudi.

Hata hivyo njia hii ya pili ndiyo iliyo ngumu kwake. Mpango wa siku chache za juma humfaa muuguzi wa Dar es Salaam. Wa Shume hawezi kwenda na kurudi. Kwake kusoma maana yake ni kuhama, na akihama, zahanati hubaki na mtu mmoja au hubaki imefungwa.

Kwa hiyo nina maneno mawili. Kwenu walimu: mnapomshauri mwanafunzi, msimwambie jina la chuo kwanza. Mwambieni aulize kama chuo na shahada hiyo vinatambuliwa, atajifunzia wodi za hospitali gani, na ada yote ya miaka minne ni kiasi gani. Na yule ambaye alama zake zinampeleka kwenye stashahada, asione amefungiwa mlango. Ameingia kwa ngazi ya chini ya nyumba ile ile.

Kwenu watumishi wa halmashauri: ruhusa ya masomo isiwe zawadi ya mwenye bahati. Iwe mpango ulioandikwa, wenye jina la anayekwenda, jina la atakayeshika nafasi yake, na mkataba wa kurudi. Tena tuvitake vyuo vilete masomo karibu. Mwaka 2007 chuo kikuu cha jina la Askofu Sebastian Kolowa kilianza pale Magamba, kikajulikana kwa kuandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Kama elimu ya juu iliweza kupanda kona za Soni kwa ajili ya walimu, yaweza kuzipanda kwa ajili ya wauguzi, na wodi za Lushoto na Bumbuli zikawa madarasa yao.