MWANAFUNZI NAYE ANA NENO

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa shule ya msingi ya kambini, katika maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni. Kamati imeona vema ichapwe kama ilivyosomwa.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wakimbizi, Mheshimiwa mwakilishi wa Ofisi ya Waziri Mkuu, wajumbe wa UNHCR na mashirika ya misaada, wazee wetu, wachungaji na mashehe, wazazi, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa huko juani:

Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kuifikia siku hii tukiwa hai. Pili naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa niseme juu ya haki ya mtoto kupata elimu. Mada hiyo ni kubwa, na wengine watakaosema baada yangu wanaijua kuliko mimi. Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya kusema juu ya kipande chake kimoja tu, nacho ni haki ya mwanafunzi kutoa neno lake juu ya elimu anayopewa. Leo ni siku ya watoto, lakini turubai lenye kivuli tumelikalia sisi wakubwa. Silaumu mtu, na mimi nimekaa humo.

SABABU YA SIKU HII

Wengi wetu tunaijua tarehe 16 Juni kwa ngoma, mpira na soda. Tukumbushane ilikotoka.

Mwaka 1974 serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini iliamuru kwamba katika shule za Waafrika, hesabu na maarifa ya jamii vifundishwe kwa lugha ya Kiafrikana. Watoto wengi hawakuijua vizuri lugha hiyo, na walimu wengi nao hawakuijua. Wazazi walilalamika na walimu walilalamika, lakini hawakusikilizwa. Mwezi wa Mei 1976 wanafunzi wa shule moja ya Orlando West, huko Soweto, waligoma kuingia darasani, na shule nyingine zikafuata. Tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi waliovaa sare za shule waliandamana na mabango yao. Polisi wakawapiga risasi. Miongoni mwa waliokufa siku hiyo alikuwa Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Picha yake akiwa amebebwa mikononi na kijana mwenzake, dada yake akikimbia kando huku analia, ilipigwa na Sam Nzima na ikaonekana dunia nzima. Katika miezi iliyofuata walikufa mamia ya watu, wengi wao vijana. Mwezi wa Julai mwaka huo huo serikali ile iliondoa sharti la Kiafrikana. Tangu mwaka 1991 nchi za Afrika huikumbuka siku hiyo.

Ndugu zangu, watoto wale hawakuikataa shule. Walichokikataa ni namna ya kufundishwa. Kama wangesikilizwa mwezi wa Mei, maombolezo ya Juni yasingekuwapo.

SWALI LA MSICHANA MMOJA

Sasa nirudi hapa kwetu. Mimi ni Mkongo. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha miaka sita kwa Kifaransa. Nilipofika hapa Uganda diploma yangu ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya shati. Niliambiwa kwamba hapa kufundisha ni kwa Kiingereza. Nikawekwa kuwa mwalimu msaidizi, kazi yangu ikiwa ni kusimama nyuma ya darasa na kutafsiri. Sisemi haya kwa kulaumu, maana Kiingereza kweli sikukijua. Lakini moyoni niliumia. Hesabu niliijua na kufundisha nilijua. Nilichokosa ni lugha. Nikahesabiwa kama asiyejua kitu.

Baada ya miaka miwili, nilipokuwa nimejifunza Kiingereza cha kutosha, nilipewa darasa la nne. Lilikuwa na watoto 118. Kati yao alikuwamo msichana wa miaka 14, aliyemaliza darasa la sita kwetu Kongo. Alirudishwa mpaka la nne kwa sababu ya lugha, kama walivyorudishwa wengine wengi. Siku moja nilikuwa nafundisha sehemu. Akanyosha mkono, akasema kwa Kiswahili: "Mwalimu, hesabu hii naijua. Kiingereza ndicho sikijui. Kwa nini mnanirudisha kwenye hesabu?"

Darasa zima lilinyamaza. Na mimi, niliyekuwa nimeumia kwa jambo lile lile, nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba mtoto haulizi mwalimu hivyo, na kama anajua kuliko mimi, aje ashike chaki. Watoto wakacheka. Akakaa chini, na hakunyosha mkono tena. Baada ya wiki tatu hakuonekana darasani.

Nilimkuta sokoni anauza nyanya. Nikamwambia arudi shule. Aliniangalia, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Darasa la ngapi, Mwalimu?" Sikuwa na jibu.

BARAZA LA DARASA

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi walimu, wazazi na wafadhili tunakijua kitanda cha shule kwa kukitazama. Anayekilalia ni mwanafunzi.

Baada ya siku ile ya sokoni nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kutumia nusu saa ya mwisho ya kila Ijumaa kwa baraza la darasa. Alikubali kwa majaribio ya muhula mmoja. Utaratibu ulikuwa huu. Darasa lilichagua kwa kura ya siri wasichana wawili na wavulana wawili. Mmoja wao aliongoza kikao, mwingine aliandika daftarini. Asiyeweza kusema mbele ya watu aliandika karatasi na kuitia ndani ya kopo tupu la mafuta ya mgao, tulilolitoboa juu. Nami niliahidi kwamba kila jambo litapata jibu Ijumaa inayofuata: ndiyo, au hapana pamoja na sababu yake, au limepelekwa kwa fulani.

Ijumaa ya kwanza hakuna aliyesema. Baadaye waliniambia kwamba walidhani ni mtego wa kuwatambua wakorofi. Ijumaa ya pili mvulana mmoja aliomba mpira mpya. Ijumaa ya tatu ndani ya kopo mlikuwamo karatasi sita, zote za wasichana na zote za jambo moja: choo chao hakikuwa na mlango, na baadhi yao hukosa shule siku fulani za mwezi kwa sababu hiyo. Mimi nilipita mbele ya choo kile kila siku kwa muda wa mwaka mzima. Baba mmoja fundi seremala, ambaye binti yake yumo darasani, alitengeneza mlango kwa mbao za masanduku ya msaada. Ilikuwa kazi ya siku mbili.

Baadaye likaja jambo la kuchelewa. Nilikuwa nawaadhibu wachelewaji kwa kufagia uwanja. Baraza liliomba tuhesabu kwanza. Kwa wiki moja walichelewa watoto 22, na 17 kati yao walikuwa wasichana. Sababu yao ilikuwa moja: bomba la maji lilifunguliwa saa ile ile inapopigwa kengele ya shule, na ndoo za nyumbani ni kazi yao. Kamati ya maji ilipopelekewa daftari ilikubali kufungua bomba mapema zaidi. Uvivu niliokuwa nauadhibu haukuwapo.

Si kila ombi lilikubaliwa. Waliomba mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ufanywe kwa Kifaransa. Niliwaambia hapana, na nikaeleza kwamba mtihani ule ni wa taifa, unafanywa kwa Kiingereza katika masomo manne, na shule moja haiwezi kuubadilisha. Walikasirika. Lakini Ijumaa iliyofuata walikuja na ombi jingine: tuandike ukutani maneno yote ya Kiingereza yanayoamuru kujumlisha, kugawanya, kulinganisha na kutafuta kilichobaki, na mbele ya kila neno maana yake kwa Kiswahili na Kifaransa. Tuliyaandika juu ya magunia ya unga yaliyopasuliwa. Magunia yale yapo mpaka leo, na nakiri kwamba hata mimi yalinisaidia.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Baraza liliomba mtoto mgeni apimwe hesabu kwa lugha anayoijua kabla ya kupangiwa darasa. Mwalimu mkuu alilichukua ombi hilo mpaka kwenye mkutano wa shule, likajadiliwa mara tatu, likapita. Watoto tisa walipimwa upya, wakapandishwa darasa la sita, nao hupata saa moja ya Kiingereza kila jioni. Yule msichana wa nyanya hakuwa mmoja wao. Nilipokwenda nyumbani kwao kumwita, alikuwa ameolewa, na alitoka kunipokea akiwa na mimba.

Hilo ndilo lililonisimamisha hapa leo. Swali lake lilikuwa sahihi. Jibu lake tulilipata, lakini tulilipata tumechelewa.

WASIWASI WA WAZAZI

Najua wako wazazi wasioridhika. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia: "Mwalimu, hawa watoto wamepoteza nchi, wamepoteza mashamba, adabu ndiyo mali iliyobaki. Nawe unawafundisha kubishana." Mwingine alinikumbusha kwamba mtoto akililia wembe, ukimpa utamkata.

Nawajibu kwa heshima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unasema maoni ya mtoto yasikilizwe na kupewa uzito kulingana na umri wake na kukomaa kwake. Haukusema kila alitakalo apewe. Mkataba wetu wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika kifungu cha 7. Na huo huo, katika kifungu cha 31, unamwagiza awaheshimu wazazi na wakubwa zake na kuwasaidia wakati wa shida. Haki na adabu zimo ndani ya kitabu kimoja.

Tena nimeona jambo hili kwa macho yangu. Mtoto anayejua kwamba Ijumaa atasikilizwa, hapigi kelele Jumatatu. Aliyenyamazishwa huwa hajawa na adabu. Anasubiri siku yake tu.

MAOMBI YANGU

Ndugu Mwenyekiti, nisiwachoshe. Nina maombi matano.

Kwanza, kwa Kamati na uongozi wa shule: wanafunzi wawili, msichana na mvulana waliochaguliwa na wenzao, waitwe katika vikao vya kamati ya shule, angalau kwa mambo yanayowahusu wao.

Pili, kwa mashirika yanayotusaidia: tunawashukuru sana kwa madarasa, vitabu na mishahara ya walimu. Mnapokuja kukagua mnakutana na mwalimu mkuu, walimu na wawakilishi wa wazazi. Naomba mtenge pia nusu saa ya kukaa na wanafunzi peke yao, sisi walimu tukiwa hatupo. Na yale watakayowaambia, rudini mtupe majibu, hata kama jibu ni kwamba fedha hazipo.

Tatu, kwa walimu wenzangu: sheria ya Uganda ya mwaka 2016 imekataza viboko shuleni. Lakini mtoto anaweza kunyamazishwa bila fimbo. Mimi nilimnyamazisha mmoja kwa maneno na kicheko. Tujichunge.

Nne, kwa wazazi: jioni mtoto anaporudi, msimwulize tu amepata ngapi. Mwulizeni pia leo hakuelewa nini, na kwa nini.

Tano, kwa ninyi wanafunzi: neno lenu ni haki yenu, nalo lina wajibu wake. Semeni mnachokijua, si mlichokisikia. Wapeni nafasi wadogo na wasichana, maana baraza la wavulana wa darasa la saba peke yao si baraza la shule. Mkikataliwa, ulizeni sababu na mrudi na ombi bora zaidi. Msivunje dirisha la shule ambalo ni la wadogo zenu.

Ndugu Mwenyekiti, hatujui ni lini tutarudi nyumbani. Watakaoirudisha nchi yetu katika hali njema ni hawa waliokaa juani. Watahitaji kujua kusema bila kutukana, kusikiliza, kukubali kushindwa kwa hoja na kuandika walichokubaliana. Mambo hayo hayamo katika masomo manne ya mtihani. Hujifunzwa kwa kuyafanya, na mahali pa kuyafanya ni shuleni, wakiwa bado wadogo.

Namalizia kwa ombi dogo lisilohitaji bajeti. Mwakani, siku kama ya leo, asimame hapa mwanafunzi, naye asome hotuba aliyoiandika mwenyewe. Mimi nitakaa juani pamoja na wenzake, nimsikilize.