Kuwafundisha Wahadhiri kwa Njia ya Mtandao
(Hotuba iliyotolewa siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, wenzangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mlioko nyuma mkingojea pilau:

Nimeombwa nieleze kazi yangu. Nawaandalia wahadhiri wa sayansi wa vyuo vikuu mafunzo ya ufundishaji kwa njia ya mtandao. Kazi hii ilitushika ghafula mwezi Machi 2020, vyuo vya Tanzania vilipofungwa kwa sababu ya korona. Vilifunguliwa tarehe 1 Juni, lakini mafunzo ya mtandaoni yakabaki, maana yanapunguza nauli na posho. Mhasibu wetu anayapenda kuliko mimi.

Kikao cha kwanza nilikiharibu mwenyewe. Kwa muda wa saa mbili nilieleza kwamba mhadhara mtupu haumfundishi mwanafunzi. Wahadhiri walikuwa wamezima kamera, nami nikahutubia miraba myeusi yenye majina. Nilipouliza kama kuna swali lo lote, mzee mmoja aliyenifundisha fizikia chuoni akasema, "Kijana wangu, umetuhutubia saa mbili juu ya ubaya wa kuhutubia." Usiku ule sikulala vizuri.

Kikao cha pili nilianza na swali. Lori limegongana na gari dogo. Lipi kati ya hayo lilisukumwa kwa nguvu kubwa zaidi? Kila mtu aandike jibu kabla ya kuzungumza. Walimu wengi wa biolojia wakasema gari dogo. Nikawagawa watatu watatu, wabishane dakika tano, kisha wajibu tena. Njia hii si yangu. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard aliianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipogundua kwamba wanafunzi wake wanakokotoa hesabu ngumu, lakini maswali mepesi ya namna hii yanawashinda. Waliporudi, wengi walikuwa wamemkumbuka Newton: nguvu ni sawa, ila gari dogo, kwa wepesi wake, ndilo linalobadili mwendo zaidi.

Kamera sikumlazimisha mtu ye yote kuwasha. Picha hula kifurushi kuliko sauti, na wengine walikuwa wakitumia simu. Michoro tuliwatumia jana yake, ili umeme ukikatika wasipotee.

Baadaye yule mzee akanipigia simu. Hakunisifu. Aliniuliza tu: darasa lake lina wanafunzi mia tatu, viti vimepigiliwa sakafuni na kipaza sauti ni kimoja, atawagawaje? Sikuwa na jibu. Jumatatu naenda huko tukajaribu pamoja.