Kanzu Haina Goti: Mavazi Katika Katuni za Vipande



Mwaka 1926 Lotte Reiniger, mhuishaji wa Kijerumani, alikamilisha filamu yake, Die Abenteuer des Prinzen Achmed, baada ya kama miaka 3 ya kazi mjini Potsdam, Ujerumani. Visa vyake vimetoka katika Alfu Lela Ulela. Wahusika ni vivuli vilivyokatwa kwa mkasi katika karatasi ngumu nyeusi na mabamba membamba ya risasi, viungo vikafungwa kwa waya. Mmoja wao, Pari Banu, anavua vazi lake la manyoya ili aoge ziwani, mwanamfalme Achmed analichukua, na mambo mengi yanayofuata yanategemea vazi hilo kutengana na mwili. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Nguo ya mhusika ni kitu cha pili juu ya mwili, nayo inastahili viungo vyake yenyewe.

Leo vipande viko kwenye kompyuta. Bega hubeba mkono, mkono hubeba kiganja, na kila kipande huzunguka kwenye egemeo lake. Suruali haisumbui, kwa kuwa kila upande hufuata mguu wake. Kanzu ndiyo inayosumbua.

Mwanafunzi akipewa mzee wa kanzu amtembeze, mara nyingi huigawa nusu mbili kuanzia kiunoni, akaifunga kila nusu kwenye paja lake. Mzee anapiga hatua, kanzu inaachana katikati, na tayari imekuwa suruali. Kanzu huning’inia mabegani. Egemeo lake basi liwe juu, kitambaa kiwe kipande kimoja, na upindo wa chini upewe nukta 3 au 4 za kuupinda. Nukta ya mbele isukumwe na goti lililotangulia, liwe la kulia au la kushoto; ya nyuma ivutwe na kisigino kilichobaki. Miguu ihuishwe kwanza, hata kama hakuna atakayeiona.

Kwa fremu 24 kwa sekunde, hatua ya mwendo wa kawaida huchukua kama fremu 12. Miguu ikitanuka kabisa, kitambaa hukazana. Inapopishana, kitambaa hulegea kikaanguka wima na mikunjo ikajikusanya. Lakini upindo usifike pamoja na mguu. Uchelewe fremu 2 au 3, upitilize kidogo, ndipo urudi. Frank Thomas na Ollie Johnston, wahuishaji wa Disney, waliieleza kanuni hii mwaka 1981 katika kitabu chao The Illusion of Life. Sijaona nyingine inayompa mwanafunzi matunda upesi kama hiyo.

Kanga ina ugumu wake. Ukiipinda picha nzima ili ifuate nyonga, herufi za jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, hupotoka na pindo huonekana kuyeyuka; jina likae kwenye tabaka lake. Kubwa zaidi ni hili: ili kuokoa muda, mhusika anayeelekea upande wa pili hugeuzwa tu kama kwenye kioo. Mwenye gauni la rangi moja hadhuriki. Aliyejifunga kanga, jina la kanga yake linasomeka kinyumenyume, na ncha iliyopita juu ya tumbo imehamia upande mwingine. Mtoto anayejifunza kusoma ataliona kosa hilo. Kanga ichorwe mara mbili, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Wapo wanaotaka programu ikokotoe kitambaa yenyewe. Sikubaliani nao. Juu ya mwili bapa uliochorwa, kitambaa kinachotikisika kila mahali huonekana mgeni, na macho ya mtazamaji yanauacha uso wa mhusika. Mkunjo mmoja uliochaguliwa vizuri unatosha.

Warsha ya muhula huu itaanzia nje ya kompyuta. Tutarekodi video za watu, kwa idhini yao, wakitembea na kanga mpya ambayo bado ina wanga, kisha na kanga iliyofuliwa mwaka mzima. Mpya hujitenga na mguu, hukunjika kwa pembe kali na hutulia mara mguu unapotua. Kuukuu hunata pajani, na upindo wake huendelea kwenda wakati mwili umeshasimama. Viungo ni vilevile na nukta ni zilezile. Kwa ile ya kwanza anzeni na uchelewaji wa fremu 1, kwa ya pili fremu 3, kisha mrekebishe kwa kuilinganisha na video.