Mkunga wa Pili: Ikama ya Leba Katika Vituo vya Afya Tanzania



Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Katika kipindi hicho, wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Haya ni matunda ya vituo vilivyojengwa na ya vyumba vya upasuaji vilivyoshushwa hadi ngazi ya kata; miaka ya karibuni umeongezeka pia usafiri wa dharura wa m-mama unaoitwa kwa simu ya bure 115. Wazee wetu waliozika binti zao wanajua uzito wa tarakimu hizo.

Lakini tafiti hizo hizo zina namba nyingine ambayo karibu haijatikisika. Watoto waliofariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2015-16. Mwaka 2022 walikuwa 24. Kwa miaka mingi sera yetu imehesabu majengo. Naomba sasa ihesabu wakunga walioko leba saa nane usiku.

Mtoto anatoka, halii. Inatakiwa akaushwe, asisimuliwe, na asipopumua apuliziwe hewa kwa mfuko wa ambu kabla dakika ya kwanza haijaisha. Dakika hiyo hiyo kondo la nyuma bado liko ndani, mama anahitaji sindano ya oksitosini, na kuna anayepaswa kuangalia damu inayotoka. Mkunga yuko peke yake. Akimshika mtoto, mama anavuja damu. Akimgeukia mama, mtoto anabadilika rangi. Kitanda cha pili kuna mwingine anasukuma. Asubuhi, kikao cha kujadili kifo kitauliza mkunga alikosea wapi. Swali la haki ni nani alipanga zamu ile iwe ya mtu mmoja.

Umahiri upo, na umethibitishwa hapa nchini. Matokeo yaliyochapishwa 2013 kutoka hospitali nane zilizofundisha wakunga kumsaidia mtoto apumue yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vikishuka kwa asilimia 47. Hospitali ya Haydom ikatufunza jambo la ziada: mafunzo ya siku moja hayafiki kitandani, ila mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale wodini, yanafika. Mpango uliojengwa juu ya somo hilo uliendeshwa katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake ya 2025 yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na muda mfupi baadaye vikipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Mazoezi ya namna hiyo yanamtaka mkunga abaki leba. Sisi tunamnoa, kisha tunampeleka chanjo au wodi ya wanaume kwa sababu cheti chake kinasema ni muuguzi pia. Desturi hii inaweza kukomeshwa kwa barua moja ya Mganga Mkuu wa Wilaya, bila senti ya bajeti.

Ikama ndiyo ngumu. Wakunga wawili kwa zamu, zamu tatu kwa siku, siku saba: ni nafasi 42 kwa wiki. Mtu mmoja akifanya zamu tano, wanatakiwa tisa, na hapo hatujagusa likizo ya siku 28 wala ya uzazi ya siku 84. Hakuna zahanati ya kijiji itakayowapata tisa, na kuahidi hivyo ni kuwadanganya wananchi.

Ndiyo maana napendekeza jambo ambalo wengine hapa hawatalipenda. Pale barabara inapopitika mwaka mzima, uzazi uhamie kituo cha afya cha kata chenye timu kamili, na zahanati ibaki na kliniki ya wajawazito na ufuatiliaji baada ya kujifungua. Kituo hicho kiwe na nyumba ya mama ngojea yenye jiko na maji, la sivyo wanawake hawataikalia. Delta ya Rufiji, visiwa vya Ukerewe na bonde la Kilombero wakati wa masika ni habari nyingine: huko zahanati iendelee kuzalisha, ipewe wakunga wawili na nyumba mbili za watumishi kabla ya kujengewa kitu kingine chochote.

Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Kamati za vituo zinaweza kuanza na taa ya sola ya leba na ukarabati wa nyumba ya mkunga. Ajira ni ya ngazi ya juu, na hapo ndipo nawaomba maofisa mipango: ombi la kibali cha mwaka ujao liandikwe kwa idadi ya zamu za usiku zenye mkunga mmoja, kituo kwa kituo, kwa majina ya vituo hivyo.