Kuchafukwa na Moyo Safarini

Leo tutazungumza juu ya kuchafukwa na moyo safarini. Ninyi mnaokaa Mwanza, Ukerewe na Bukoba mnalijua jambo hili. Ziwa likichafuka, abiria mmoja hupiga soga, na mwenzake hutapika. Watu humcheka na kusema, "Mwoga wa maji huyo!" Sivyo.

Sikilizeni sababu yake. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo yenye maji. Meli ikiyumba, maji hayo husukumwa, na ubongo hupata habari ya mwendo. Lakini ukiketi ndani ya chumba cha meli, macho huona ukuta tu. Sikio lasema, "Tunakwenda." Jicho lasema, "Tumetulia." Habari hizo hazipatani, na moyo huchafuka. Mtu ambaye mifereji yake imekufa masikio yote mawili hapatwi kabisa. Basi anayetapika si mwoga; masikio yake yanafanya kazi.

Siku hizi viko vitu vya kuvaa. Cha kwanza ni mkanda wa mkononi wenye kifungo kigumu. Kifungo hubonyeza kati ya mishipa miwili, vidole vitatu chini ya kiganja, kwa kufuata tiba ya Kichina. Wataalamu wameujaribu: wengine waliona faida, wengine hawakuiona.

Cha pili ni miwani. Mwaka 2018 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilitoa miwani isiyo na vioo. Ina duara nne, mbili mbele na mbili kando, zenye maji ya buluu ndani. Gari likiinama, maji husogea, na macho huona mwendo ule ule unaosikiwa na sikio.

Je, asiye na miwani afanyeje? Ziwa lenyewe litamsaidia bure. Toka nje, simama katikati ya meli, utazame mbali, pale maji na mbingu vinapokutana. Usiku, lala ukafumbe macho. Katika basi, kaa mbele utazame njia, wala usisome simu. Vidonge vipo, lakini vingi huleta usingizi. Mama mjamzito na mtoto wasipewe kabla ya kumwuliza mganga wa zahanati.

Maswali:
1. Sikio na jicho hugombania nini?
2. Kwa nini kutazama mbali husaidia?
3. Utamwambia nini anayemcheka mgonjwa melini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.