Hesabuni Pumzi za Mtoto

Leo tujifunze kazi moja ya muuguzi ambayo nanyi mnaweza kuifanya nyumbani.

Mtoto akikohoa, msikimbilie dukani kununua dawa. Ngojeni atulie, mfunueni kifua, shikeni saa, mhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Ni hatari zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2. 50 kwa wa miezi 2 hadi 11. 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5.

Kwa nini? Nimonia hujaza maji na usaha katika vifuko vidogo vya mapafu. Hewa haifiki damuni vizuri, basi mtoto huhema mbio mbio.

Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, msingoje kesho. Mchanga wa chini ya miezi 2, au yeyote anayeshindwa kunyonya au kushikwa na degedege, ni hospitali mara moja. Akipewa amoksilini, amalize dawa yote hata akichangamka. Msimwekee ndugu yake.

Haya, nani ana saa hapa? Tujaribu.