Je, "Stranger Things" Inawafaa Watoto Wetu?

(Mada iliyowasilishwa katika kikao cha pamoja cha kamati za parokia na wachangiaji wa mradi wa vijana. Imefupishwa kidogo ili itoshe katika jarida.)



Kama mnavyofahamu, vijana wanaotumia ukumbi wetu wametuandikia barua. Wanaomba kwamba wakati wa likizo waonyeshwe tamthilia ya Kimarekani iitwayo Stranger Things, yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kutumia televisheni iliyonunuliwa kwa michango yenu. Barua imeandikwa kwa adabu, na waliotia sahihi wana umri wa kati ya miaka 10 na 17. Baadhi ya wajumbe walisema ombi likubaliwe kwa kuwa ni hadithi ya watoto. Wengine walisema likataliwe kwa kuwa ni mambo ya mashetani. Ndipo nikaombwa niitazame kisha nilete maoni. Nimeitazama yote, sehemu 42, na kuna usiku ambao taa ya sebuleni niliiacha inawaka hadi asubuhi.

Kwa wale ambao hawajaiona, nieleze kwa kifupi. Tamthilia hii ni kazi ya ndugu wawili mapacha, Matt na Ross Duffer, na ilianza kuonyeshwa na kampuni ya Netflix tarehe 15 Julai 2016. Hadithi inatokea katika mji mdogo wa kubuniwa, Hawkins, katika jimbo la Indiana. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1983 mtoto wa miaka 12 aitwaye Will anatoka kucheza kwa rafiki yake, anapanda baiskeli kurudi kwao, na hafiki. Mama yake anahangaika, mkuu wa polisi anatafuta, na rafiki zake watatu nao wanaingia porini kumtafuta. Humo wanakutana na msichana aliyenyolewa nywele, ambaye jina lake ni namba tu: Eleven, yaani Kumi na Moja. Ametoroka katika maabara ya serikali. Chini ya mji ule kuna ulimwengu mwingine uliopinduka, wenye giza na baridi, na humo mna kiumbe kinachowinda watu.

Ni hadithi iliyotungwa vizuri sana, nisiwafiche. Watoto wanaipenda kwa sababu wanaotatua fumbo ni watoto, tena si wale wenye nguvu shuleni bali wale wanaochekwa. Hawaachani. Mama wa Will anaambiwa na kila mtu kwamba amechanganyikiwa, naye hakati tamaa. Mzazi akiona haya anaweza kusema, "Basi, watazame." Wajumbe waliosema ni hadithi ya watoto nadhani waliona sehemu mbili tatu za mwanzo wakaishia hapo.

Sasa tuuangalie huo msimu wa kwanza. Vitisho vyake kwa sehemu kubwa ni vya kusubiri: taa zinawaka na kuzima, simu inatoa mlio wa ajabu, ukuta unavimba kama kuna mtu ndani yake. Hata hivyo, msidanganyike na zile baiskeli. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mwenye mgahawa aliyempa Eleven chakula anapigwa risasi na kufa papo hapo. Eleven mwenyewe anaua watu kwa nguvu za akili, damu ikiwatoka machoni, na sisi watazamaji tumeandaliwa kumshangilia.

Lakini lililonisumbua zaidi katika msimu huo halina damu. Polisi wanaopoa mwili wa mtoto kutoka katika maji ya machimbo. Unatambuliwa kuwa ni wa Will, na mazishi yanafanyika. Mama anakataa: huyu si mwanangu, mwanangu yu hai. Na hadithi inampa haki mama huyo, kwani baadaye inagundulika kwamba mwili ule ulikuwa wa bandia. Kwa mtu mzima huo ni ufundi wa mtunzi. Katika ukumbi wetu, hata hivyo, kuna watoto waliozika mdogo wao au mama yao si muda mrefu uliopita. Mtoto wa namna hiyo, akiwa na miaka 10 au 11, ataenda nalo wapi wazo kwamba aliyemo jenezani huenda si yeye? Hilo halimo katika alama yoyote ya umri. Ni sisi tunaomfahamu mtoto ndio tunaoweza kulijua.

Nimetaja alama ya umri. Huko Marekani tamthilia hii imewekewa alama ya miaka 14, maana yake wazazi wa watoto walio chini ya umri huo wanaonywa kwa nguvu. Mpango wa alama hizo kwa vipindi vya televisheni ulianza nchini humo mwaka 1997, na wanaoziweka ni watoaji wa vipindi wenyewe. Si vibaya, ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Tatizo ni kwamba alama ya 14 iliyokuwapo mwaka 2016 ndiyo hiyo hiyo iliyokuwapo mwaka 2022, wakati tamthilia yenyewe ilikwisha kuwa kitu kingine.

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Tamthilia hii imekua pamoja na waigizaji wake. Millie Bobby Brown, anayeigiza Eleven, alikuwa na miaka 12 msimu wa kwanza ulipotoka. Sehemu ya mwisho ilipoonyeshwa tarehe 31 Desemba 2025 alikuwa na miaka 21. Watunzi waliongeza ukali kila msimu, kama mpishi anayejua kwamba wageni wake sasa wamezoea pilipili. Mtoto wa miaka 12 aliyeanza kuitazama mwaka 2016 alifika msimu wa nne mwaka 2022 akiwa na miaka 18, na katikati hapo alipata muda wa kukua. Mtoto anayeanza leo anaikuta yote imekamilika, misimu mitano. Akiwa na simu ya kaka yake na likizo moja, anaruka kutoka kwenye baiskeli na taa za Krismasi hadi kwenye yale nitakayoyaeleza sasa, ndani ya wiki moja.

Msimu wa tatu, wa mwaka 2019, una miili ya watu inayoyeyuka na kuungana kuwa dubwana moja la nyama. Msimu wa nne unafunguka kwa maiti za watoto zilizolala sakafuni katika maabara, zimetapakaa damu. Mwishoni mwa sehemu hiyo hiyo, msichana wa shule anainuliwa hadi darini, mikono na miguu yake inavunjika mmoja baada ya mwingine mbele yetu, na macho yake yanadidimia ndani. Msimu huo ulitoka tarehe 27 Mei 2022, siku tatu baada ya wanafunzi 19 na walimu 2 kuuawa kwa risasi katika shule ya msingi huko Uvalde, Texas. Netflix wenyewe waliona vema kuweka onyo mwanzoni kwa watazamaji wa Marekani.

Sipendi tuhesabu maiti tu, maana kwa hesabu hiyo hata filamu nyingi za vita zingeshinda. Tuangalie muuaji anawachagua nani. Anaitwa Vecna. Anawafuata vijana wanaobeba jambo moyoni bila kulisema: huyu amenyanyaswa na mama yake kuhusu mwili wake, yule alikuwa kwenye ajali iliyoua mtu, na Max amefiwa na kaka yake wa kambo, naye moyoni aliwahi kutamani atoweke. Vecna anamwonyesha kila mmoja aibu yake, anamnong'oneza kwamba mateso yake yanakaribia kwisha, kisha anamuua. Max anaponea chupuchupu kwa sababu rafiki zake wanamwekea wimbo anaoupenda, naye anakumbuka kwamba anapendwa. Wimbo wenyewe, wa Kate Bush, ulitoka mwaka 1985, na kwa ajili ya sehemu hiyo ulipanda hadi namba moja Uingereza mwaka 2022.

Kijana wa miaka 16 au 17 mwenye mtu wa kuzungumza naye anaweza kufaidika sana na kisa hicho. Anajifunza kwamba siri inayokula mtu ndani isemwe kwa rafiki. Lakini kijana wa miaka 12 aliye peke yake na simu chini ya shuka, mwenye jambo ambalo hajalisema kwa yeyote, anaweza kusikia ile sauti ya Vecna tu. Wale mnaohudumia vijana mnawajua. Huyu ndiye ninayemhofia, kuliko yule atakayeota ndoto mbaya siku mbili halafu asahau.

Sasa suala la mashetani. Nimelipima kwa uzito, kwa kuwa waliolitaja ni wazee wangu. Watoto wa hadithi hii wanacheza mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, na majina ya viumbe wanayachukua humo. Ni mchezo wa kubuni hadithi kwa kurusha dadu, hakuna ibada ndani yake. Miaka ya 1980 huko Marekani kulikuwa na hofu kubwa kwamba mchezo huo unawaingiza vijana katika ushetani, na msimu wa nne unaizungumzia hofu hiyo. Kijana mmoja, Eddie, mwenye nywele ndefu na kelele nyingi, anashukiwa mauaji yale. Nahodha wa timu ya mpira wa kikapu anasimama katika mkutano wa mji, anatumia maneno ya Maandiko, na watu wanatoka kwenda kumwinda. Eddie hana hatia. Anakufa akiulinda mji huo huo, na mji unabaki kuamini kwamba alikuwa muuaji.

Niliposikia hayo sikuifikiria Indiana. Niliwafikiria bibi zetu wa Kanda ya Ziwa waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu bora ya tamthilia nzima, na bahati mbaya imewekwa katika msimu ambao mtoto hapaswi kuuona.

Mtu anaweza kuniuliza: mbona bibi zetu walitusimulia mazimwi yanayomeza watoto, na tukalala salama? Ni kweli walitusimulia. Lakini bibi alikuwa anatuangalia usoni. Akiona mdogo amejificha nyuma ya dada yake, zimwi lilipungua ukubwa, au lilichelewa njiani, au jogoo akawika mapema. Televisheni haiwezi kumwona aliyeketi mbele yake. Na siku hizi hata ile alama ya 14 mtoto haioni, kwa sababu muvi anawekewa kwenye flashi kwenye kibanda kwa bei ndogo, na anayemwekea hamuulizi umri.

Basi nipendekeze. Ukumbini tusiionyeshe. Kwanza, masharti ya Netflix ni matumizi ya nyumbani tu, na kuonyesha filamu hadharani nchini kwetu kunahitaji kibali kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Pili, hata tungepata ruhusa zote, hatuwezi kumweka wa miaka 10 na wa miaka 17 katika benchi moja tukasema tumeonyesha kitu kinachowafaa wote.

Nyumbani ni uamuzi wa mzazi, lakini mkiniuliza, walio chini ya miaka 13 wasubiri. Kuanzia 13, msimu wa kwanza na wa pili, mchana, sehemu moja kwa siku, mtu mzima akiwa amekaa pale pale na si jikoni. Aliyefiwa karibuni asubiri zaidi, hata kama ana miaka 15. Msimu wa tatu sina haraka nao. Wa nne na wa tano, kuanzia miaka 16. Msimu wa tano una jambo ambalo wazazi walijue: Vecna anamjia mtoto mdogo, Holly, kwa sura ya bwana mpole anayetaka urafiki wa siri. Hiyo si hadithi ya kubuni katika mitaa yetu, na mtoto hahitaji kuona dubwana lolote ili aelezwe na mama yake kuhusu watu wazima wa namna hiyo.

Watoto ambao wamekwisha kuiona, nao si wachache, wasichapwe. Waulizwe walifika sehemu gani, nini kiliwatisha, na nani anawakumbusha mtu wanayemfahamu. Hilo swali la mwisho msikilize majibu yake kwa makini.

Aidha, naomba vijana wajibiwe kwa maandishi, kwa kuwa nao walituandikia. Wapewe sababu, siyo neno "hapana" peke yake. Walio na miaka 16 na kuendelea waalikwe Jumamosi moja kuzungumza habari ya Eddie na wale bibi. Rasimu ya jibu nimeiacha kwa Katibu, ina kurasa mbili. Wajumbe mwisome na kuirekebisha kabla vijana hawajafunga shule.

Niko tayari kwa maswali.